Hongo ya Fundi Kasim

Je, neno lile nililiona kwa sababu lilikuwa limeandikwa, au nililiona kwa sababu nilikuwa nalitafuta? Swali hilo liliniondolea usingizi kwa wiki nzima, nikiwa na miaka ishirini na minne, afisa madai msaidizi katika ofisi ya bima ya Tabora. Nimestaafu mwezi uliopita na bado sijaacha kujiuliza.

Ninyi vijana wa idara ya madai mliniomba niandike niliyojifunza kazini. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vimo kwenye jalada langu, na jalada langu mmekwisha kulisoma, nawajua. Nitaandika habari za mguu wa fundi cherehani mmoja, na za mtu niliyemwonea wivu kuliko nilivyopata kumwonea mtu yeyote.

Niliteremka kwenye treni asubuhi, sanduku mkono mmoja, shahada yangu mkono wa pili. Njiani kote tangu Dodoma nilikuwa nimetunga hotuba tatu za kumwambia meneja: moja akiwa mkali, moja akiwa mpole, moja akiwa hana habari kwamba nakuja. Meneja alikuwa likizo. Ofisini nilimkuta mtu mmoja wa makamo, kofia ya kufuma kichwani, amekaa na wateja wawili wanakunywa kahawa kwa vikombe vidogo.

"Wewe ndiye yule msomi?" akaniuliza.

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja na koti la mvua?"

"Hapana."

"Haidhuru. Masika ikija utajifunika shahada."

Wateja wakacheka. Huyo ndiye Bwana Nassor. Ukoo wake ulikuja kutoka Omani enzi za misafara ukafanya biashara Tabora mpaka duka lilipowafia mkononi. Yeye akaingia kampuni ya bima ya watu binafsi kama tarishi, akapanda hadi ukarani, na serikali ilipochukua biashara ya bima, Bwana Nassor akataifishwa pamoja na meza na feni. Kuandika alijifunza chuoni, yaani kwa mwalimu wa Kurani, kisha shule ya msingi. Kiingereza chake kiliishia kwenye majina ya vipuri vya gari. Makao makuu Dar es Salaam bado yalitaka majalada kwa Kiingereza, ijapokuwa kwenye mikutano tulikuwa tukihimizwa Kiswahili. Ndiyo sababu niliajiriwa: yeye achukue maelezo ya watu, mimi niyatafsiri.

Meza yangu ilikuwa ya kwanza mlangoni. Mtu aliyevunjika mkono au aliyefiwa na mume barabarani ilikuwa lazima anipite mimi. Na walinipita kweli. "Samahani mwanangu, Bwana Nassor yupo?" Hiyo "mwanangu" ndiyo iliyokuwa ikinichoma. Nilijiuliza kama ni shati langu, au miwani, au namna ninavyoshika kalamu. Nikaisogeza meza karibu zaidi na mlango. Watu wakaichukulia kama kizingiti. Nikajifunza kusema "Mwangaluka" ili niwaamkie kwa Kinyamwezi. Mama wa kwanza niliyemwamkia alifurahi mno, akanimwagia Kinyamwezi cha robo saa, ikabidi nimwite Bwana Nassor aje anifasirie.

Yeye hakufanya lolote la ajabu, na hilo ndilo lililonikera. Alimkaribisha mtu, akamuuliza habari za nyumbani, akangoja. Alikuwa na penseli, daftari na futikamba ya kupimia barabara ambayo ncha yake ilikuwa imeshonwa upya kwa uzi mweusi. Alinifundisha kazi kwa maneno machache, na nayaandika hapa kwa sababu bado yanafaa. Aliyegongwa aende polisi siku ile ile, achukue fomu yake ya matibabu kabla ya dawa. Alama za matairi zipimwe kabla ya mvua na kabla ya ng'ombe. Cheti cha hospitali kisikunjwe mara nne na kutiwa kwenye kanga. Jina la shahidi peke yake halitoshi. Andika na la balozi wake wa nyumba kumi. Siku zile watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, na nilipata kusafiri hadi Tura kumtafuta shahidi nikakuta nyumba yake imebaki mlango tu, na huo mlango alikuwa amemwachia jirani. Na zaidi ya yote, aliyegongwa asitie dole gumba kwenye karatasi asiyosomewa, hata kama imeletwa na mtu mwenye tabasamu na kilo mbili za sukari. Pole ni pole, fidia ni fidia.

"Na wewe," aliniambia, "andika alivyosema mtu. Usiandike ulivyoelewa."

Yeye mwenyewe aliandika hivyo, neno kwa neno. Ila pambizoni mwa daftari lake kulikuwa na vijiherufi vya Kiarabu, kimoja hapa, kimoja pale. Mimi sikujua Kiarabu. Nilidhani ni dua, au hesabu zake za nyumbani. Sikumuuliza. Kumuuliza kungekuwa kukiri kwamba ana kitu ambacho mimi sina.

Sasa niingie kwenye kesi. Fundi Kasim alikuwa mshonaji wa Ipuli, Mnyamwezi wa mjini, mashuhuri kwa sare za shule. Asubuhi moja alikuwa anakuja mjini kwa baiskeli, furushi la kaptula nyuma. Lori la tumbaku kutoka Goweko likakata kona kwa pupa, likampitia. Kaptula zikatawanyika barabarani, na mguu wake wa kulia ukavunjika mahali pawili. Lori lilikuwa na bima kwetu, kwa hiyo fidia ya mguu ule ilikuwa ni sisi tuilipe. Kwa mshonaji, mguu wa kulia ni nusu ya mashine. Cherehani yake ilikuwa ya miguu.

Bwana Nassor akaenda hospitali kuchukua maelezo. Mimi nikatumwa polisi kunakili mchoro wa ajali. Nilikwenda nimenuna, nikijiambia kwamba amenituma kwenye karatasi ili yeye abaki na mtu. Aliporudi aliniwekea daftari mezani akaenda kuswali adhuhuri.

Maelezo yalikuwa mafupi. "Nilikuwa upande wangu wa kushoto. Lori likakata kona, likanijia upande wangu. Nikaanguka, sikumbuki zaidi mpaka hospitali. Kosa ni langu. Nilipita bila kulipa hongo."

Pembeni mwa mistari ile miwili ya mwisho kulikuwa na kijiherufi.

Nilisoma neno hongo na moyo ukanidunda. Nasema kweli yangu: ulidunda kwa furaha. Kumbe! Kumbe ndiyo maana watu hupita meza yangu! Kuna kitu kinalipwa kwenye meza ya nyuma, na maskini huyu hakulipa, ndiyo maana analazimishwa kusema kosa ni lake. Mambo yote yaliyonichoma miezi ile yakapata maelezo kwa mpigo mmoja: kahawa, salamu, "Bwana Nassor yupo?" Mtu mtulivu angejiuliza inakuwaje aliyegongwa akiwa upande wake aseme kosa ni lake. Angejiuliza pia ni mla rushwa gani anayeandika rushwa yake mwenyewe kwa penseli, akaiacha mezani kwa mwenzake. Mimi ambaye hujiuliza hata kama nimefunga mlango ninaoushika mkononi, hayo sikujiuliza.

Nikatafsiri. Kwa Kiingereza changu safi cha chuo kikuu nikaandika kwamba mdai anakiri kosa ni lake, na kwamba hakutoa rushwa iliyotakiwa. Kijiherufi nikakiacha. Chini nikaongeza mistari miwili yangu mwenyewe: kwamba suala la rushwa linastahili kuchunguzwa, na kwamba maelezo yalichukuliwa na Bwana Nassor peke yake. Nikapiga taipu, nikatia kwenye bahasha, nikaituma.

Jibu lilikuja kwa jina langu. Lilisema dai la Fundi Kasim limekataliwa kwa kuwa mdai amekiri kosa. Kama kuna pingamizi, liletwe kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo jalada lifungwe. Kuhusu rushwa, niwapelekee habari kamili.

Habari kamili sikuwa nazo. Nikaondoka mchana ule ule kwenda Ipuli kuzitafuta. Nilitaka Fundi Kasim aniambie kwa kinywa chake kwamba Bwana Nassor alimdai kitu, nirudi nikiwa nimeshinda.

Nilimkuta barazani, mguu wenye plasta umewekwa juu ya kigoda. Ndani, kupitia mlangoni, niliiona cherehani imefunikwa shuka.

"Karibu mwanangu," akasema. "Wewe ni wa bima? Wa Bwana Nassor?"

"Wa bima," nikasema.

"Nisaidie rai basi. Kuna mtu wa Goweko anaitaka hiyo mashine, atakuja Ijumaa. Daktari anasema mguu huu hautakanyaga pedeli kama zamani. Nikipata fidia nitabadili nichukue ya mkono, kazi iendelee. Nisipopata, niiuze tule. Nimwuzie au nisubiri?"

Barua ilikuwa mfukoni mwangu, imekunjwa. Niliigusa. Mara sauti ikaja kutoka njiani.

"Hodi! Huyo Mnyamwezi bado yu hai?"

Alikuwa mtu mrefu, gunia dogo la karanga begani. Fundi Kasim akanyanyua gongo lake akamwelekezea kama bunduki.

"Simama hapo hapo, Mgogo! Hapa ni Unyamwezini. Lipa hongo kwanza."

"Hongo ya nini? Nimekuachia mguu mzima mmoja, hushukuru?"

"Babu yako alimtoza babu yangu shanga na vitambaa ndipo ampe maji ya kunywa, akienda pwani na pembe mabegani. Deni halikwisha? Umekuja kumalizia mguu?"

"Babu yangu alikuwa na kisima, babu yako alikuwa na kiu. Kosa la nani? Na nyie si mabingwa wa kubeba mizigo? Nilipokuona nikasema, ah, Mnyamwezi huyo, lori atalibeba."

Wakacheka mpaka fundi akaushika mguu kwa maumivu. Yule mrefu akatua gunia, akainama kumwekea sawa kigoda chini ya plasta, taratibu kama anayelaza mtoto. Huyo alikuwa Chibago, dereva wa lile lori la tumbaku.

Mimi nilikuwa bado nimesimama pale. Nikauliza, sauti ndogo: "Fundi, ile hongo uliyoitaja hospitalini..."

"Hii hii. Huyu alikuja kuniangalia siku ya kwanza, analia. Nikaona dereva mzima analia wodini, watu wanatazama. Nikamtania anyamaze. Nikamwambia kosa langu, nimepita njia ya Wagogo bila kulipa hongo. Wodi nzima ikacheka, na Bwana Nassor naye." Akanitazama vizuri. "Kwenu wapi, mwanangu?"

"Upareni."

"Na Upareni hamna watani?"

"Tunao."

"Sasa?"

Sasa nini? Habari za hongo za misafara nilikuwa nimezisoma chuo kikuu: ushuru ambao watemi wa Ugogo waliwatoza wapagazi ili wapite na wapate maji, na utani uliozaliwa pale baina ya Wagogo na Wanyamwezi. Niliulizwa swali hilo kwenye mtihani nikafaulu vizuri. Lakini nilipolikuta neno lenyewe, kwenye mdomo wa mtu mzima aliyevunjika mguu, nililisoma kama linavyoandikwa gazetini siku hizi, yaani rushwa.

"Bwana Chibago," nikasema, "utani tuuweke kando. Kosa lilikuwa la nani?"

Uso wake ukabadilika pale pale. "Langu. Niliwahi kona. Nimewaambia polisi, na ukitaka nitasema tena mbele ya balozi wake. Mtani unamtania, bwana. Humwibii."

Nikatoa karatasi nikaandika maneno yake kama alivyoyasema. Balozi akaitwa, akashuhudia. Nilipomnyooshea Fundi Kasim kalamu kwa maelezo yake mapya, akarudisha mkono nyuma.

"Usinielewe vibaya, mwanangu. Bwana Nassor ameniambia nisitie sahihi karatasi yoyote mpaka yeye aione."

Hata pale! Nimekwenda kumwokoa, nimekuja kwa miguu yangu juani, na bado napitwa kama kizingiti. Nawaambia haya ili mjue kwamba wivu hauna adabu ya kuondoka ukishafumaniwa. Unasogea kidogo tu, ukae vizuri.

Nilirudi ofisini nikamwekea Bwana Nassor daftari lake mbele, nikaweka kidole pambizoni.

"Hii ni nini?"

"Hiyo? Mim. Mim ya mzaha. Amesema kwa mzaha."

"Na hii, kwenye kesi ya yule mama mjane?"

"Kaf. Kilio. Alilia hapo." Akanywa kahawa. "Karatasi haicheki wala hailii, ndiyo maana naisaidia kidogo."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Nilidhani huko chuo kikuu mlimaliza herufi zote."

Sikumwambia kitu siku ile. Nikaanza kufikiri, na mnajua sasa nikianza kufikiri inakuwaje. Ningeweza kuandika Dar es Salaam kwamba ni kosa la taipu. Hakuna ambaye angejua. Kiingereza kile, pale ofisini, nilikisoma mimi peke yangu. Lakini taipu haikosei mistari miwili kamili kumhusu mtu. Ningeweza kusema kwamba maelezo hayakuwa wazi. Lakini hilo lingemwangukia Bwana Nassor, na mimi ningebaki yule msomi mwangalifu. Nakiri wazo hilo nililizungusha siku mbili, maana lilikuwa tamu. Ningeweza pia kunyamaza mpaka mwisho wa mwezi. Kila njia niliyoishika, mwisho wake nilimkuta mtu wa Goweko anaifunga cherehani kwenye baiskeli yake.

Alhamisi nilikaa mapema nikaandika, na niliandika kwa Kiswahili, barua ya kwanza ya Kiswahili kutoka meza yangu kwenda makao makuu. Niliona mambo haya hayafai kuvuka lugha ya pili. Nikaeleza hongo ni nini katika utani wa watu hawa, na mim ni nini katika daftari la Bwana Nassor. Nikaambatanisha maelezo ya Chibago, mchoro wa polisi, na ukurasa wenyewe wa daftari ukiwa na mim yake. Nikaomba dai lifunguliwe. Kisha nikaandika: "Kosa la tafsiri ni langu peke yangu. Mistari miwili niliyoiongeza kuhusu Bwana Nassor haikuwa na ushahidi wowote. Niliiandika kwa sababu nilimwonea wivu."

Jibu lilivyokuja nitalisema hapa upesi, kisha nirudi kwenye asubuhi ile. Dai lilifunguliwa. Mimi niliandikiwa karipio, nalo mmelisoma. Fundi Kasim alilipwa, akabadili cherehani, akashona tena sare za shule. Bwana Nassor alishonewa kanzu iliyomkaa kama maji. Mimi nilishonewa suruali, fupi kwa vidole viwili. Kwa miaka nimejiuliza kama ulikuwa mzaha, lakini suruali haina pambizo la kuandikia mim. Na mwezi uliopita, kwenye sherehe yenu ya kuniaga, mzee mmoja wa Ipuli aliyealikwa kwa heshima yangu alisimama akasema jinsi Bwana Nassor alivyokuwa mtu mwema. Mlipiga makofi. Nami nilipiga, na nilihesabu ya kwenu.

Asubuhi ile, kabla ya kufunga bahasha, nilimpelekea Bwana Nassor barua aisome. Sikuhitaji ruhusa yake. Lakini mtu akiandikwa kwenye karatasi, asomewe. Nilikuwa nimefundishwa hivyo, na yeye ndiye aliyenifundisha. Aliisoma polepole, midomo ikitembea. Alipofika kwenye ile sentensi ya mwisho, midomo ikasimama. Feni ilikuwa inalia juu yetu. Nilingoja anitukane, na nilikuwa nimeandaa majibu matatu.

Akachukua penseli yake, akailamba ncha, na pembeni mwa maneno "nilimwonea wivu" akaandika kijiherufi kimoja. Sikuhitaji tena kuuliza ni kipi.

"Hivyo ndivyo wataisoma," akasema. "Wewe kijana bado. Karipio hukaa kwenye jalada miaka."

Nikarudi na barua mezani kwangu. Niliitazama ile mim, ndogo, nadhifu, yenye huruma ambayo mimi nisingeweza kuwa nayo kwake, na nikamwonea wivu hata kwa hiyo. Nikatoa raba kwenye mtoto wa meza. Nikaifuta, nikapuliza vumbi la raba, nikafunga bahasha. Nikapita Ipuli kumwambia Fundi Kasim asiuze, kisha nikaenda stesheni nikaitia barua kwenye gunia la posta kwa mkono wangu, nikasimama hapo mpaka treni ikaondoka.